Koki ya Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Nimefika. Begi liko mlangoni, sijalifungua, na tayari nimeshapewa kazi.

Nyumba nzima inanuka petroli. Si kidogo – mpaka mkate una ladha yake. Mama kafungua madirisha yote na bado analalamika kwamba siku mtu akiwasha kiberiti humu tutaokotwa na majirani vipande vipande. Chanzo ni Mkwe. Mkwe ni pikipiki ya Baba, tunakaribiana umri, na analala koridoni, kati ya chumba changu cha zamani na choo. Baba alimpa jina hilo kabla sijaanza shule. Maelezo yake: mkwe hafokewi, hapigwi, na akija kwako unampa mahali pazuri. Mama humuuliza, mbona unampiga teke kila asubuhi? Simpigi teke, Baba hujibu, namwamsha kwa heshima.

Chini ya Mkwe kuna kopo. Tone. Tone. Tone. Koki ya mafuta haifungi tena. Hata ukiigeuza mpaka mwisho, petroli inajipitia tu, inajaza kabureta, inashuka mpaka kwenye oili ya injini. Nimechomoa kijiti cha oili, nikanusa. Petroli tupu!

"Fundi," Baba akasema. Ndivyo anavyoniita tangu nilipofungua redio yake nikiwa na miaka saba, nikaifunga tena, na skrubu nne zikabaki. "Koki inakojoa. Wewe unatengeneza cherehani za kiwanda kizima, hii itakushinda?"

Nikasema saa mbili tu. Domo langu!

Nimekuja kwa wiki moja. Kiwanda kimesimama, mafundi tumeambiwa tutapigiwa simu. Simu naigusa mfukoni kila baada ya dakika moja, mtu angedhani nina upele.

Jumanne, 5 Machi

Saa mbili zimekuwa siku nzima.

Asubuhi nimemtoa Mkwe uani, nikamwaga petroli yote kwenye dumu, nikafungua boliti mbili zinazoshika koki chini ya tangi. Vijibomba viwili vinasimama ndani ya tangi, kirefu na kifupi. Kirefu ni cha safari ya kawaida. Mafuta yakishuka chini ya mdomo wake, pikipiki inakohoa, unageuza koki kwenye riziva, kifupi kinakunywa mabaki na unafika nyumbani. Akili ya mtu hiyo! Napenda vitu vilivyofikiriwa hivi.

Chujio limejaa kutu. Usoni mwa koki kuna skrubu mbili ndogo, moja imelika kichwa, nimeitoa kwa kuigongagonga na patasi huku nimeuma ulimi. Ndani: kisahani, pete ya washa iliyopindapinda, na mpira mviringo wenye matundu manne. Huo mpira ndio kila kitu. Ukigeuza mkono wa koki, njia inakutana na tundu, mafuta yanapita. Ukigeuza tena, njia inakutana na ukuta, mafuta yanakoma. Mpira wa Mkwe umekauka kama biskuti. Nimeubonyeza kwa ukucha, ukakatika.

Na nje, kuzunguka kiungo chote, ute mweupe. Nikanusa. Sabuni! Baba amekuwa akiziba mvujo kwa sabuni ya kufulia. Nikamwambia Mama. Kumbe! Mwezi mzima anajiuliza sabuni inaenda wapi, nguo hazitakati, kumbe anayeogeshwa ni Mkwe. Baba kajitia hamnazo, anaangalia mawingu.

Mchana duka la spea. Muuzaji kaishika koki kwa vidole viwili, kaniuliza nimeichimbua wapi. Koki mpya anazo za kila aina, nimejaribu tatu, hakuna ambayo matundu ya boliti yanalingana. Mpira peke yake hauzi. Akasema ya kutupa hiyo. Nikamuuliza na yeye akizeeka tumtupe? Akacheka mpaka akakaa.

Jambo moja. Baba alipoingia ndani jioni, bega lake la kulia liligonga fremu ya mlango. Akasema mlango huu! Halafu mezani mkono wake ukapiga kikombe kilichokuwa kuliani kwake, chai ikamwagika. Akasema kikombe hiki!

Mlango uko palepale tangu nizaliwe.

Jumatano, 6 Machi

Mama kanivuta jikoni. Kafungua kopo la sukari, kachimba, katoa mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko karatasi ya hospitali. Presha ya macho. Yote mawili, la kulia zaidi. Pembeni pameshaliwa na hapatarudi. Matone anayotiwa ni ya kulinda kilichobaki. Baba anaona mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kuendesha chombo chochote – marufuku.

Tarehe ya karatasi ni ya Novemba!

Novemba, Desemba, Januari, mpaka katikati ya Februari Mkwe alipokataa kabisa. Wakati wote huo alikuwa barabarani, na upande wa kulia kwake hakuna kitu. Nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Mama anasema Baba alimwapisha asimwambie mtu. Anasema yeye mwenyewe aliomba Mkwe afe. Halafu akanitazama na macho yale – amekufa, na wewe umekuja kumfufua.

Simu ikalia dakika ileile. Kaka. Nina hakika walipangana. Kwa ile sauti yake ya mtoto wa kwanza: usitengeneze. Vuta siku. Sema spea hakuna. Nikamuuliza kwa nini asimwambie Baba mwenyewe, kwamba macho hayafai, basi. Akasema yeye yuko mbali, mimi niko hapo. Hivi umbali unaziba mdomo? Nilitaka kumkatia simu lakini yeye akakata kwanza.

Na kesho ni Alhamisi. Alhamisi ni siku ya shangazi. Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, anaishi ng'ambo ya kilima, hatoki kitandani tena, na Baba huenda kumkata kucha. Kila wiki, kwa miaka mitatu, mpaka Mkwe alipogoma. Shangazi hamruhusu mwingine amguse vidole. Si nesi, si wajukuu. Mimi nilijaribu mara moja, akakunja ngumi. Basi linaishia chini ya kilima, na magoti ya Baba hayapandi kilima.

Alhamisi, 7 Machi

Amevaa shati la kola. Kikata kucha kiko mfukoni mwa shati, nakiona kinavyovuta kitambaa. Amekaa kwenye stuli uani na kunitazama ninavyosugua uso wa koki.

Nikasema bado. Nikasema mpira nimeuagiza.

"Umeuagiza wapi?"

Mbali, nikasema. Mbali! Mtu mzima, na hilo ndilo nililoweza.

Saa tano teksi ikasimama mlangoni. Kaka kaituma bila kuuliza mtu. Baba alitoka, akamwambia dereva amekosea nyumba, na akamwelekeza kwa jirani kwa upole kabisa. Jirani akakataa, dereva akarudi, Baba akamwelekeza nyumba nyingine. Mama akaingia ndani kucheka kwenye mto.

Mimi nikamuuliza kwa nini asipande tu. Akasema hajawahi kufika kwa dada yake akiwa amebebwa. Dada yake ndiye aliyembeba yeye mgongoni, utoto wote, kwenda na kurudi kisimani. Sasa yeye ndiye wa kwenda kwake. Alisema hivyo huku anakifuta kikata kucha kwa pindo la shati.

Jioni shangazi kapiga simu. Anauliza kama ndugu yake amekufa na sisi tunamficha.

Ijumaa, 8 Machi

Sijakaa chini leo. Nimefagia ua mara mbili. Nimetia oili cherehani ya Mama ambayo haikuhitaji. Kiwanda kimya. Baba kanipita mara sita, na kila mara ananiuliza kwa macho tu.

Nachukia hili jambo. Sijui namchukia nani ndani yake.

Jumapili, 10 Machi

Nimekwisha!

Baba alichukua koki mezani leo, akafumba macho, akaipapasa. Kidole gumba kilipita juu ya uso nilioupiga msasa juu ya kioo, kwa kuzungusha namba nane kama alivyonifundisha. Akasema nimesawazisha vizuri. Akasema sasa kata mpira tu, mbona unao?

Nikamwuliza mpira gani.

"Kwenye sanduku lako la vifaa. Ule mweusi wa kuzuia oili kwenye cherehani zenu. Huo hata petroli haiuwezi."

Ni kweli. Ninao kipande kizima, kimekunjwa chini ya bisibisi. Nimekuwa nacho tangu Jumatatu. Anajua kilichomo ndani ya sanduku langu kuliko ninavyojua kilichomo kichwani mwake.

Nikasema Alhamisi itakuwa tayari. Uso wake ukafunguka. Alinipiga begani, akalikosa kidogo.

Nikampigia Kaka. Nikamwambia sina uongo mwingine, umeniishia. Akafikiri. Kata vibaya, akasema. Kata vibaya! Kama vile nitaweza. Mkono wangu haujui kukata vibaya, na koki ikivuja Baba ataona tone la kwanza.

Lakini kuna njia. Nimeijua saa ileile na nimekataa kuiandika mpaka sasa. Mpira wa tyubu. Tyubu ya ndani ya tairi. Nilikuwa na miaka tisa Baba alipokata kipande, akakiweka kwenye glasi ya petroli mbele yangu, tukakitazama kinavyovimba na kujikunja. Akasema huu na petroli hawakai nyumba moja. Fundi anayeweka tyubu kwenye koki si fundi, akasema, ni mwuaji wa pikipiki.

Jumanne, 12 Machi

Nimekata kipande, nimekitia kwenye glasi. Dakika tano tu kimekuwa kama ulimi wa ng'ombe. Vizuri, nikasema. Vizuri! Nilisikia sauti yangu mwenyewe na sikuipenda.

Hesabu ni hii. Koki naifunga kavu. Mafuta tunatia Alhamisi, dakika ya mwisho. Anawasha, anatoka getini, mpira unavimba, matundu yanaziba, Mkwe anazimika kabla ya kona ya kinyozi. Anasukuma kurudi, hatua hamsini. Mara mbili, mara tatu. Anakata tamaa. Hakuna aliyemwambia kitu, hakuna aliyemvunjia heshima. Koki ndiyo mbaya. Mama kasikiliza na kutikisa kichwa kukubali, lakini hakunitazama.

Nimetoboa matundu manne kwa kitoboleo changu cha kazini. Yamenyooka. Kazi safi kuliko zote nilizofanya mwaka huu, na ni ya uongo.

Alhamisi, 14 Machi

Saa tatu asubuhi. Anavaa. Anapiga mluzi! Tumetia mafuta, koki kavu kama mfupa, hakuna tone. Kapiga magoti, kaligusa kopo tupu, kasema Fundi, hii nitamwonyesha dada. Naandika hapa dirishani ili mikono iwe na kazi.

Saa kumi. Nataka kuandika kwa mpangilio. Siwezi. Najaribu.

Aliwasha teke la pili. Alitoka getini. Nilisimama nikihesabu. Kona ya kinyozi – akapita! Sauti ikaendelea, nzuri, nyororo, ikaenda, ikaenda. Mama akanishika mkono. Nikasema subiri. Sauti ikapotea.

Hapo ndipo nikaelewa, nimesimama na kandambili getini. Kwenye glasi kipande kile kilikuwa kinaogelea. Ndani ya koki mpira umebanwa na kisahani, umebanwa na washa, petroli inagusa kingo za matundu tu. Hautavimba kwa dakika tano. Utavimba kwa kumi na tano, kwa ishirini. Mimi fundi wa oili, mimi wa cherehani! Nimepima kitu kilicholegea nikadhani nimepima kilichokazwa. Na dakika ishirini kutoka kwetu, ukienda kilimani, ni ule mzunguko wa barabara kuu, wa malori. Magari yote pale yanatokea kulia.

Nilikimbia. Kandambili moja niliiacha sijui wapi. Nilikimbia mpaka kifua kikawaka, nikapata mtu wa baiskeli akanibeba nusu ya njia, kanishusha mzungukoni. Malori. Honi. Nikatafuta umati, maana kukiwa na jambo huwa kuna umati. Hapakuwa na umati. Nikatazama chini barabarani kama kuna... siandiki.

Nimerudi kwa miguu. Nyumbani Mkwe yuko uani, kwenye stendi. Baba amepiga magoti kando yake, shati la kola limelowa mpaka kiunoni, anafungua koki kwa kupapasa. Alipitia njia ya nyuma, akisukuma. Saa nzima na nusu. Hakugeuka. Katoa skrubu mbili, kisahani, washa. Katoa mpira. Umevimba, matundu manne yamebaki makovu manne.

Aliingia nao ndani. Nilifuata. Kikombe changu cha asubuhi kilikuwa bado mezani, na sahani yake. Akauweka mpira kwenye sahani, taratibu, kama anavyoweka kitu kinachoweza kumwagika.

"Hili nilikufundisha mimi," akasema.

Kisha akaenda kunawa mikono.

Ijumaa, 15 Machi

Hajanisemesha. Mama kamsemesha, Mkwe kamsemesha – nimemsikia akimwambia pole. Mimi, hakuna.

Kiwanda kimepiga simu! Jumatatu ya tarehe 25 nirudi kazini. Wiki mbili nimeisubiri simu hii kwa roho mkononi, na nilipoisikia nikasema sawa, asante, kama mtu anayeambiwa leo ni Ijumaa.

Jumapili, 17 Machi

Nimeshindwa kuvumilia. Nilimkuta uani, nikakaa chini, kwenye saruji, mbele yake kabisa, mahali anapoona. Nikamwambia najua habari ya macho. Nikamwambia nimeisoma karatasi. Nikamwambia tyubu niliweka mimi, kwa makusudi, na nilitaka azimikie konani, na hesabu yangu ilikuwa mbovu. Nililia. Sikujua kama nitalia.

Akaniambia ilivyokuwa. Mkwe alikohoa katikati ya mzunguko. Akageuza riziva – mkono wake ulienda wenyewe, miaka yote huo ndio mwendo – na riziva haikutoa kitu. Akajua hapo hapo. Akasema kabla miguu haijagusa chini alishajua ni tyubu, na alishajua ni mimi, maana mtu mwingine asingekata matundu sawasawa vile yakafa yote kwa pamoja. Lori lilipita kulia kwake. Hakuliona. Aliusikia upepo wake kwenye shati.

Nikasema nisamehe Baba. Nikasema mara tatu.

Akasema kosa si la mpira tu. Mkiwa watatu, wewe, mama yako na kaka yako, hakukuwa na hata mmoja wa kunitazama usoni? Mmenifanyia kama mtoto anayefichiwa peremende. Sauti ilipanda mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko, akasimama.

Na mimi hasira ikanipanda pia, sijui kutoka wapi, na machozi bado yananitoka. Nikamwambia na wewe je? Karatasi ilizikwa na nani kwenye sukari? Umemwapisha Mama! Umepanda miezi mitatu huoni kulia, na watoto wa watu wanavuka barabara! Nani alimficha nani?

Mama akasema taratibu, haya.

Baba akatazama mikono yake. Akasema Novemba alipotoka hospitali alienda moja kwa moja kwa dada yake, akamkata kucha, na hakumwambia. Vidole anaviona. Viko mbele. Vyote kumi anaviona vizuri kabisa.

Nikafuta pua. Nikamwambia koki nitaitengeneza, safari hii kwa mpira halali. Lakini dereva ni mimi. Leseni ninayo, na Mkwe nilijifunza kwake nikiwa na miaka kumi na sita, wewe umekaa nyuma unapiga kelele. Alhamisi tutaenda. Wewe utakaa nyuma.

"Nyuma hukaa mizigo," akasema.

Akaingia ndani. Bega likagonga fremu. Hakuulaumu mlango.

Jumatatu, 18 Machi

Nimeanza upya. Msasa mpya juu ya kioo, namba nane, namba nane, mpaka uso wa koki umeng'aa wote bila doa. Vijibomba nimevisafisha kwa waya. Chujio nimelitengeneza upya kwa wavu wa shaba. Mpira mweusi wa sandukuni nimeuloweka kwenye glasi, safari hii si dakika tano. Nimeuacha mpaka kesho. Mara moja yatosha.

Kaka kapiga. Nimemwambia kila kitu, na nimemwambia ampigie Baba yeye mwenyewe, sasa hivi, na amwambie alichokuwa akiniambia mimi. Akasema atapiga. Nikasikia simu ya Baba inalia sebuleni baada ya robo saa. Waliongea dakika mbili. Chache, lakini alipiga.

Jumanne, 19 Machi

Mpira uleule. Haujavimba hata unywele. Nimekata, nimetoboa, nimefunga. Skrubu iliyolika nimeibadilisha na ya cherehani, imeingia kama ilizaliwa humo.

Nimejaza tangi nusu. Nimeweka kopo chini. Nimeweka na gazeti ndani ya kopo, tone likianguka lionekane.

Baba alipita. Hakuuliza. Lakini alisimama, akainama, akasikiliza. Akasubiri tone lisilokuja.

Jumatano, 20 Machi

Gazeti kavu. Asubuhi kavu, mchana kavu, jioni kavu. Nyumba inanuka vitunguu tu! Mama anasema alikuwa amesahau jikoni kwake kunanukaje.

Kuhusu kesho, hajasema kitu. Nimemuuliza wakati wa chai: tunaenda? Akasema kucha zinakua. Nikamuuliza nani anaendesha? Akasema chai ina sukari nyingi. Mzee huyu!

Nimeficha ufunguo. Halafu nimeurudisha msumarini. Nikificha, tumerudi kulekule kwenye tyubu.

Alhamisi, 21 Machi

Saa tatu kasoro. Gazeti kavu. Nimetafuta viatu vya kufunga, kandambili sizitaki tena.

Nilipotoka bafuni ufunguo haupo msumarini. Mama yuko mezani, anachambua mchele, anatikisa bega: nisimuulize yeye. Nikaingia chumbani kutafuta soksi na hapo nikamsikia. Teke la kwanza. La pili. Mkwe kaitika! Sauti safi, haikohoi, haitetereki, koki inapitisha kama inavyotakiwa. Ningekuwa fundi tu ningefurahi.

Naandika nimesimama, daftari kwenye kizingiti cha dirisha. Ukuta wa jiko unamkinga, simwoni. Naona moshi. Naona kivuli chake tu kwenye ukuta wa uzio, amepanda, kofia kichwani, mgongo umenyooka. Kivuli hakisemi amekaa mbele au nyuma. Rafuni kulikuwa na kofia mbili. Zote mbili hazipo.

Bado hajaondoa stendi. Ningeisikia.

Anapiga honi. Mara moja, fupi. Anaita, "Fundi! Kulia kuko wazi?"